Bendi Kongwe Husikilizwa Ukumbini

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu bendi kongwe za muziki wa dansi, na neema anayoipata mpenzi wa muziki pale anapoacha kutosheka na sauti ya redio au ya simu yake, akafunga safari, akalipa kiingilio, akakaa mbele ya watu waliozipiga nyimbo hizo kwa miaka thelathini au arobaini. Nasema tangu mwanzo lile ninaloliamini, lisije likapotea katika wingi wa maneno: wimbo wa zamani uliohifadhiwa katika kanda ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina heshima yake, lakini wimbo huo huo ukipigwa mbele yako na wale walioutoa kwa jasho lao ni kitu hai, nacho hukua, hupungua, hukosea na kujirekebisha, na aliyekikosa hicho, hata akiwa na kanda zote zilizopata kurekodiwa, amelijua jambo hili nusu tu.

Ili nieleweke, sina budi kuanza na hali yetu sisi watu wa nyanda hizi za juu. Katika Mbulu na Hanang zinakutana lugha zisizokuwa na nasaba moja: Kiiraqw, kilicho cha ukoo wa Kikushi, Kidatoga, kilicho cha ukoo wa Kinailoti, Kinyiramba na ndugu zake wa Kibantu, na lugha ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambayo wanazuoni hawajaipatia ndugu. Katika zama za utoto wangu, mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiiraqw, akaamshwa kwa Kiiraqw na kulazwa kwa Kiiraqw, alikipata Kiswahili shuleni kwa amri ya mwalimu na kanisani kwa mafundisho ya dini, lakini alikipenda kwa sababu ya redio. Na katika redio hapakuwa na kitu kilichotuteka kama nyimbo za dansi, zenye visa vya uchumba na ndoa, vya deni na safari, vya ndugu waliokosana na wazazi walioachwa kijijini, hata wengi wetu maneno ya mapenzi, ya wasia na ya malalamiko tuliyapata kwa waimbaji kabla hatujayakuta vitabuni.

Redio yenyewe ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Betri zake zilipochoka zilianikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, na katika miezi ya baridi, ambapo ukungu hukawia kuondoka juu ya vilima vya Mbulu, hata jua hilo halikuwa la kutegemewa. Kwa hiyo sauti ilipanda na kushuka, ikaenda na kurudi, na wimbo mmoja ukakamilika vichwani mwetu kwa kuunganishwa vipande vya siku mbalimbali. Sauti ile ilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam, nayo yastahili shukrani, kwa maana katika siku ambazo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi iliyotaka santuri ililazimika kushika njia ya Nairobi, ni studio ya redio hiyo iliyozipokea bendi za Tanga na Tabora, za Morogoro na Dar es Salaam, ikazirekodi, ikahifadhi kanda zake na kuzieneza mpaka kwetu. Kule Bassotu nako, katika mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, yaliyostawishwa kwa msaada wa Kanada, walikuja madereva wa matrekta, mafundi na makarani kutoka mikoa mingi, na pamoja na masanduku yao walileta redio zao na ushabiki wao, wakabishana jioni kwa jioni ni bendi ipi iliyo bora, na sisi vijana wa kando ya Mlima Hanang tukaurithi ubishi huo kabla hatujamwona kwa macho yetu hata mwanamuziki mmoja.

Bendi tulizozibishania zina historia ndefu, na ni vema niitaje kwa ufupi. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, zamani za utawala wa Mwingereza. Mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kilichoitwa NUTA kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipogeuka tena kuwa OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ikaitwa OTTU Jazz. Na ilipojitegemea ikabaki na jina la mtindo wake, ikawa Msondo Ngoma. Umoja wa vijana wa chama cha TANU nao ulikuwa na Vijana Jazz tangu mwaka 1971. Mwaka 1978 wakatoka baadhi ya wanamuziki, miongoni mwao Muhidin Maalim Gurumo aliyekuwa mmoja wa waasisi wa NUTA Jazz, wakaanzisha Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, nayo ndiyo inayojulikana kwa mtindo wake wa Sikinde. Kwa hakika mpangilio huu, wa bendi kuwa mali ya chama au shirika, vyombo vikawa vya shirika na mwanamuziki akapata mshahara kama mfanyakazi mwingine, ndio ulioziwezesha bendi hizi kudumu. Mwimbaji aliweza kuhama, mpiga gitaa akaugua, mpiga tarumbeta akafariki, lakini vyombo vikabaki mahali pake, nyimbo zikabaki, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na aliye mdogo.

Wasikilizaji, wako wadhanio kwamba bendi za kudumu miaka mingi ni fahari ya watu wa Ulaya peke yao. Rolling Stones, bendi ya roki ya London ambayo watu wa dunia nzima husafiri mbali kwenda kuiona wazee wake wakiruka jukwaani, ilianza mwaka 1962. NUTA Jazz ilianza miaka miwili tu baadaye. Orchestra Baobab ya Dakar ilianza mwaka 1970, ikanyamaza, ikarudi jukwaani mwaka 2001. Na wale wazee wa Havana waliorekodi pamoja mwaka 1996 kwa jina la Buena Vista Social Club, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kusahauliwa katika nchi yao wenyewe, walirudishiwa sifa na wageni. Kwetu Ikhwani Safaa ya Unguja, kikundi cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905, imezidi umri wa hizo zote. Na Msondo haikungoja mgeni aje kuifufua, kwa sababu haikupata kufa: ilibadili majina, ikapoteza watu, ikaendelea kupiga wiki kwa wiki katika kumbi za Dar es Salaam. Fahari hii tunayo, ila ajizi yetu ni kwamba hatuihesabu.

Mara ya kwanza mimi kuwaona ana kwa ana ilikuwa katika miaka ya 1980, mjini Arusha, ambao wakati ule ndio uliokuwa makao makuu ya mkoa wetu, kwa kuwa Mkoa wa Manyara haukuzaliwa mpaka mwaka 2002. Bendi ilikuwa JUWATA Jazz, katika moja ya ziara ambazo bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikifanya mikoani. Nilitoka Katesh kwa lori, kupitia Babati, kwa barabara ya vumbi, na nilipoingia ukumbini jambo lililonishangaza kabla ya mengine yote ni wingi wa watu jukwaani. Redio ilikuwa imenizoesha kuisikia bendi kama sauti moja; kumbe sauti ile moja ilikuwa kazi ya watu wengi: mpiga solo, mwenzake wa solo la pili, mpiga rithimu, mpiga besi, mpiga dramu, mpiga tumba, wapiga tarumbeta na saksafoni, na waimbaji waliosimama kwa safu, kila mmoja akiwa na fungu lake dogo, na hakuna fungu hata moja ambalo likisikilizwa peke yake lingetosha kuitwa wimbo. Rithimu ilirudia neno lake lile lile bila ya kuchoka wala kutamani sifa. Solo la pili likajibu pale solo la kwanza lilipovuta pumzi. Besi likatembea chini yao wote. Usiku ule niliona kwa macho yangu jinsi watu wengi wanavyoweza kusema neno moja bila ya yeyote kumfunika mwenziwe.

La pili nililojifunza ni kwamba wimbo wa ukumbini si ule wa kanda. Nyimbo zetu za dansi, kama mjuavyo, zina sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji hueleza kisa chake kwa utulivu, magitaa yakimfuata, na wachezaji, mume na mke, huzunguka taratibu kana kwamba nao wanasikiliza. Kisha mwendo hubadilika, ngoma huongeza kasi, tarumbeta na saksafoni huingia kwa pamoja, maneno hupungua yakawa kiitikio kifupi kinachorudiwa, na hapo ndipo panapokuwa na kile wanamuziki wanachokiita chemko. Katika kanda, kwa sababu ya muda wa redio na urefu wa santuri, chemko hukatwa mapema, na sisi tuliokuwa tukisikiliza huku mlimani tulidhani hivyo ndivyo ilivyotungwa. Ukumbini chemko hudumu kadiri ya nguvu za wachezaji na hekima ya mpiga solo, ambaye huwatazama watu miguuni, akaona kama wamechoka au wanataka zaidi, akaamua kuendelea au kufunga. Na TX Moshi William, mwimbaji hodari aliyefariki mwaka 2006, aliweza kwa kiitikio kimoja kuwainua hata wale waliokuwa wameapa kwamba wamekuja kutazama tu.

Miaka ikapita, na shughuli za biashara ya vitunguu na mbaazi zikanipeleka Dar es Salaam mara kwa mara, nami kila nilipopata nafasi nilikwenda kuwasikiliza: Sikinde katika ukumbi wa DDC Kariakoo, na Msondo popote walipokuwa wakipiga. Katika jiji lile niliona kwamba ubishi wetu wa Bassotu ulikuwa tawi dogo tu la mti mkubwa, kwa maana upinzani wa Sikinde na Msondo ulikuwa na mashabiki wake wa kurithishana, na siku za sikukuu bendi hizo mbili zilipokutanishwa mahali pamoja, watu walijipanga pande mbili kama mashabiki wa mpira. Walakini jukwaani palikuwa na udugu ambao mashabiki hawakuujali sana. Mwimbaji wa leo wa Msondo alikuwa wa jana wa Sikinde: Hassan Rehani Bitchuka, mwenye sauti ile ya juu isiyofanana na nyingine, alizitumikia bendi zote mbili, Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, naye alizitumikia zote mbili, na Gurumo mwenyewe alitoka NUTA akaenda Sikinde, akatoka Sikinde akaenda Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule, kisha akarudi alikoanzia. Upinzani ulikuwa wa kweli, na ulizilazimisha bendi kutunga nyimbo mpya kila mwaka; lakini maarifa yalikuwa ya ukoo mmoja, yakizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Na sasa nifike mahali ambapo moyo wangu unanituma zaidi. Nilimwona Gurumo katika miaka yake ya mwisho jukwaani. Katika kanda za miaka ya 1960 na 1970 sauti yake ni ya kijana, pana, yenye kufika popote inapotaka. Ukumbini alikuwa mzee. Alikaa kitini baina ya nyimbo, aliacha vijana wafungue usiku, na alisimama pale tu ulipofika wimbo uliomhitaji. Na aliposimama, watu waliokuwa wakizungumza waliacha kuzungumza. Sauti ilikuwa imepungua upana, lakini ilikuwa imeongezeka uzito. Pale ambapo zamani alipanda juu kwa nguvu, sasa alimwachia kijana wa pembeni yake apande, na yeye akabaki chini akilishikilia neno, akilitamka polepole kama mtu ambaye yale aliyoyatunga akiwa kijana yamekwisha kumpata yeye mwenyewe. Nasaha iliyoimbwa na mtu wa miaka ishirini na mitano ni nasaha njema; ikiimbwa na mtu yule yule akiwa na miaka sabini huwa ni ushahidi. Hilo hakuna kanda inayoweza kulitoa, kwa sababu kanda humhifadhi mwimbaji katika umri mmoja, na aliyezeeka ni yeye, wala si kanda.

Sisi Wairaqw hatupaswi kuona ugeni katika jambo hili. Tunayo slufay, sala ile ya kishairi isemwayo na mzee mwenye ulimi uliokomaa, mstari kwa mstari, na waliohudhuria wakamwitikia. Na kila aliyepata kuhudhuria anajua kwamba slufay haina nguvu yake kamili ikisemwa na mtu mmoja peke yake chumbani, maana uzito wake umo katika umri wa msemaji na katika sauti za wanaojibu. Dansi nalo lina tabia hiyo hiyo. Kiitikio kinataka waitikiaji, na waitikiaji ni sisi. Hadhira ikiwa baridi, bendi hupiga kwa wajibu. Hadhira ikiwa na ghera, wazee wale wale, walioshuka garini wakilalamika migongo, hupiga hadi alfajiri.

Gurumo alistaafu mwaka 2013, na tarehe 13 Aprili 2014 akafariki dunia. Katika mwaka ule wa kustaafu kwake, Diamond Platnumz, kijana wa muziki wa kizazi kipya, alimzawadia gari mbele ya watu, na kitendo hicho kilisifiwa nchi nzima, nami naungana na waliokisifu. Lakini kilinifikirisha pia, kwa sababu mtu aliyeimba kwa takriban nusu karne, ambaye nyimbo zake zilipigwa kila siku katika redio na kuuzwa katika kanda zilizonakiliwa kila mtaa, alistahili kuwa na gari kutokana na kazi yake, kabla ya kuwa na gari kutokana na ukarimu wa mwenziwe. Sheria yetu ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na kwayo kikaundwa chama cha kusimamia haki hizo, COSOTA. Kwa wakati huo nyimbo bora za wazee hawa zilikuwa zimekwisha kuenea bila malipo kwa zaidi ya miongo miwili. Kwa hiyo mapato ya mlangoni, yaani kile kiingilio tunachokilipa, na fedha ile mpenzi anayoipandisha jukwaani kumtunza mwimbaji aliyemgusa, ndiyo iliyokuwa riziki yao ya hakika. Anayesema kwamba anawapenda wakongwe, na hajapata kulipa kiingilio chao, mapenzi yake bado hayajawafikia.

Nilirudi kuwasikiliza Msondo baada ya msiba wa Gurumo, nikiwa na hofu kwamba nitakuta jina tu. Sikukuta jina tu. Niliwakuta vijana wakiimba sehemu za marehemu bila kuwaiga sauti, na mtindo ule wa gitaa la solo ambao jina la Saidi Mabera limefungamana nao tangu miaka ya 1970 ukiongoza kila wimbo; na nikawaona mabinti waliozaliwa baada ya nyimbo zile kutungwa wakiitikia maneno yote. Hapo nilisadiki kwamba bendi kongwe ni chuo: haina wahadhiri walioajiriwa kwa cheo hicho, lakini ina wanafunzi wanaojifunza kwa kukaa karibu, na siku mwalimu anapoondoka, somo linabaki.

Alhasili, ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, nina maombi matatu. La kwanza ni kwa kila mmoja wetu: unapokwenda Dar es Salaam kwa matibabu, kwa biashara au kumsalimu mwanao, uliza Sikinde wanapiga wapi, Msondo wanapiga wapi, nenda ukalipe, ukasikilize. La pili ni kwa wafanyabiashara na viongozi wa halmashauri zetu: barabara ya kutoka Babati kwenda Katesh na Singida leo ni ya lami, umeme umefika mahali ambapo zamani palikuwa na koroboi, na sababu za zamani za bendi kutufikia kwa nadra zimepungua, alikeni bendi kongwe zije kupiga Katesh na Mbulu mjini baada ya mavuno, wakati mkulima ana fedha na nafasi. La tatu ni kwa walimu na wazazi: kijana anayetaka kujifunza gitaa au tarumbeta asihesabiwe kuwa amepotea, kwa maana bendi hizi zinaishi kwa sharti moja tu, nalo ni kuwapo mdogo aliye tayari kukaa pembeni ya mkubwa.

Wakongwe waliobaki ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Sifa tunazowatangazia katika mazishi yao wangezifurahia zaidi wakiwa jukwaani. Waendeeni wangali hai.